Mwiba wa Karaba: filamu ya Kirikou inapofaulu na inapokwama

Filamu inaanza na sauti kutoka tumboni. Mtoto anamwambia mama yake amzae. Mama, bila hata kushtuka, anamjibu kwamba mtoto anayeweza kusema akiwa tumboni anaweza pia kujizaa. Basi kitoto kinatambaa kikatoka, kinajikata kitovu, kinataja jina lake, Kirikou, kisha kinaomba kuogeshwa. Jibu ni lilelile: aliyejizaa na ajioshe. Ila asimwage maji ovyo, kwa sababu mchawi Karaba amekausha chemchemi ya kijiji. Baba yuko wapi? Alikwenda kupigana na Karaba, akaliwa. Na wajomba? Nao wameliwa. Amebaki mmoja tu, mdogo kuliko wote, na hivi sasa yuko njiani kwenda kukutana na mchawi huyohuyo. Mtoto hajamaliza hata saa moja duniani, anatimua mbio kumfuata mjomba wake.

Sijui filamu nyingine ya watoto inayoanza vizuri namna hii. Ndani ya dakika chache tumeshaelezwa kijiji kina shida gani, nani anaogopwa, na mhusika mkuu ana tabia gani: haombi kubebwa, na haachi kuuliza. Hilo la kuuliza ndilo uti wa mgongo wa filamu nzima. Ndilo pia linaloiumbua mwishoni, kwa maana kuna swali moja kubwa ambalo filamu hii, pamoja na ujasiri wake wote, haikuthubutu kuliuliza.

Jina lake kwa Kifaransa ni Kirikou et la sorcière. Ilitoka Ufaransa Desemba 1998 na iliongozwa na Michel Ocelot, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1943 na kuishi sehemu ya utoto wake Conakry, Guinea. Kabla ya hapo alikuwa anajulikana kwa filamu fupi, hasa zile za vivuli vyeusi vinavyotembea mbele ya mandhari za rangi. Kirikou ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza, naye alikuwa ameshatimiza miaka hamsini na mitano. Michoro ilifanywa kwa mkono katika studio za nchi kadhaa za Ulaya, lakini sauti zilirekodiwa Dakar na waigizaji wa Senegal: Karaba ni Awa Sène Sarr, na Kirikou ni mtoto wa Kisenegali, Doudou Gueye Thiaw. Muziki ni wa Youssou N'Dour, aliyetumia ala za jadi. Mwaka 1999 ilishinda tuzo kubwa ya filamu ndefu katika tamasha la vibonzo la Annecy, na Ufaransa peke yake ilitazamwa na watu zaidi ya milioni moja. Kwa filamu isiyofika hata dakika themanini, isiyo na kampuni kubwa ya Marekani nyuma yake, hayo si mambo madogo.

Mwanzo ule wa mtoto anayesema tumboni Ocelot hakuubuni. Aliutoa katika ngano ya Afrika Magharibi, halafu sehemu kubwa ya yaliyobaki akaitunga mwenyewe. Sisi wa upande huu wa bara tunawajua watoto wa aina hiyo. Wanyanga wa Kivu, mashariki mwa Kongo, wana utendi wa Mwindo, uliochapishwa mwaka 1969 na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene. Mwindo naye anazaliwa akitembea na kusema, mkononi ana mgwisho wenye nguvu za ajabu, na adui yake wa kwanza ni baba yake mzazi, chifu Shemwindo, aliyekwisha kutangaza kwamba hataki mtoto wa kiume. Mwindo anajisifu, anapiga, anaua, anafufua, anateremka hadi kuzimu. Ukimweka Kirikou kando yake unaona alichokifanya Ocelot. Amemchukua mtoto wa ajabu wa ngano zetu akamnyang'anya silaha zote. Hana mgwisho wala hirizi wala nguo. Ana miguu yenye mbio na mdomo unaouliza.

Na anauliza nini? Kwa nini Karaba ni mbaya?

Kila anayeulizwa anamwona mtoto ana kichaa. Karaba ni mbaya kwa sababu ni mchawi, basi, na mchawi ni mbaya kwa sababu ni mchawi. Kuna mzee mmoja kijijini, amekaa mahali pake, ana maelezo ya kila jambo na hana jibu la hata moja. Maji yakikosekana, ni Karaba. Watu wakipotea, ni Karaba. Ukimtazama unamjua, kwa sababu kila mtaa unaye. Filamu haimchukii mzee huyu, inamcheka tu, na watoto wanacheka pamoja nayo.

Baadaye linakuja tukio la chemchemi. Kijiji kizima kinaamini maji yamekauka kwa nguvu za uchawi. Kirikou, kwa kuwa ni mdogo wa kuweza kupita pale asipoweza kupita mtu mzima, anaingia ndani ya pango kuangalia kwa macho yake. Anamkuta mnyama. Si laana wala jini: ni mnyama aliyeingia humo na kuanza kunywa maji ya kijiji, akayanywa mpaka akavimba akajaza pango. Mtoto anatoka, anaomba chuma kilichochomwa motoni, anarudi na kumtoboa. Maji yanafumka kwa nguvu, na yeye anasombwa nayo. Wanakijiji, wale waliomdhihaki asubuhi yake, wanamzunguka na kuimba wimbo wa maombolezo, mama amempakata. Kisha anafumbua macho.

Tukio hili limepangwa kwa ustadi mkubwa. Mtazamaji wa miaka sita anakaribishwa kwenye kifo, anakiona kwa karibu, anaskia watu wazima wakilia, halafu anarudishiwa shujaa wake. Hakuna damu. Hofu imepimwa. Filamu nyingi za watoto huchagua kati ya kumtisha mtoto mpaka akalala na taa inawaka na kutomtisha kabisa, hivyo hadithi ikapwaya. Hapa katikati pamepatikana. Na chini ya msisimko huo kuna jambo zito zaidi: tumeona kwa macho yetu kwamba balaa lililowekwa mlangoni kwa Karaba lina sababu inayoonekana, inayogusika, yenye miguu minne.

Kwa mtazamaji wa Tanzania jambo hilo si ngano. Usukumani, Shinyanga na Mwanza, kwa miongo mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Pwani ya Kenya, Kilifi, wazee wenye mvi wameuawa kwa tuhuma zilezile, na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba ambalo mtu analitaka. Tanzania bado ina sheria ya uchawi iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928. Ndiyo maana filamu inayomweka mtoto wa umri wa chekechea mbele ya kijiji na kumfanya aulize "kwa nini", kisha aende kuangalia, ina uzito wake hapa kuliko huko ilikotengenezwa. Kule ni hadithi ya kupendeza kuhusu mambo ya mbali, na hapa ni habari.

Jibu la swali lake analifuata mlimani kwa babu yake, mwenye hekima, anayeishi ng'ambo ya nyumba ya Karaba. Juu ya paa la mchawi kuna sanamu inayolinda, inageuza kichwa huku na huku, inaona kila kitu kinachopita juu ya ardhi. Kwa hiyo Kirikou anapita chini yake: mama anampa jambia la baba, anachimba njia ya chini kwa chini. Huko anakutana na kicheche, anawaokoa kuchakulo, akitoka juu anajigeuza ndege kwa manyoya, anampanda ngiri mkali akamwendesha kama farasi. Mwisho anaingia ndani ya mlima na kumkuta babu ameketi.

Mazungumzo ya pale mlimani ndiyo kilele halisi cha filamu, ingawa hakuna mtu anayekimbia wala kupigana. Babu anasema mambo matatu hivi. Kwanza, Karaba hali watu. Wanaume waliokwenda kupigana naye amewageuza kuwa sanamu, ndizo zile zinazomtumikia na kumlinda. Anawaacha wanakijiji waamini kwamba anawala, kwa sababu hofu yao ndiyo nguvu yake. Pili, Karaba ni mbaya kwa sababu anaumwa. Ana mwiba wa sumu mgongoni, aliochomwa na wanaume waliomshika kwa nguvu. Maumivu hayaishi, usiku na mchana, na ndiyo yanayompa uwezo wake wa kichawi. Tatu, hataki mwiba utolewe, kwa kuwa kuutoa kutamuuma sawasawa na siku ulipoingia.

Halafu Kirikou anaomba hirizi. Hana ombi la kishujaa, anataka kinga tu, kama mtu yeyote angetaka. Babu anakataa. Anamwambia mtoto kwamba Karaba hamuwezi kwa sababu yeye, Kirikou, hana hirizi. Watu waliojifunga hirizi amekwisha kuzoea kupambana nao, lakini mtoto mtupu, asiye na kitu cha kutegemea, hana pa kumshikia. Mtoto anakubali. Kisha anasema amechoka. Anasema wakati mwingine anaogopa. Anaomba akae kidogo mapajani kwa babu yake. Na anakaa.

Kama ningelazimika kuchagua dakika moja tu ya filamu hii, ningechukua hiyo. Mashujaa wa filamu za watoto huchoka kwa sekunde mbili ili muziki upande wapate kunyanyuka tena. Huyu amechoka kweli, anasema hivyo, na mtu mzima hamhutubii. Anampakata.

Tuseme sasa habari ya macho na masikio. Michoro ya Kirikou haina mbwembwe. Watu mara nyingi wanaonekana kwa upande, kama michoro ya kale ya Misri, na wanatembea kwa mwendo mmoja. Msitu umechorwa jani kwa jani, na mkono wa Henri Rousseau, mchoraji Mfaransa wa misitu ya kuwazika, unaonekana wazi. Kijiji ni rangi ya udongo na jua. Nyumbani kwa Karaba ni kijivu, pamekauka, hakuna jani. Sanamu zake zinatembea kwa kukakamaa, kila moja na kazi yake, mfano wa mashine kuliko wa mizimu. Karaba mwenyewe si kikongwe mwenye pua ndefu na kibiongo. Ni mwanamke mrefu, mzuri, aliyejipamba dhahabu kuanzia shingoni hadi miguuni, na hampi mtu mgongo. Ukiitazama mara ya pili unaelewa kwa nini hageuki.

Mtoto aliyezoea vibonzo vya kompyuta, ambavyo hata unywele mmoja unapepea peke yake, atalalamika dakika za mwanzo kwamba watu hawa wamekauka. Wengi huacha kulalamika kabla mjomba hajarudi kijijini. Utulivu wa picha unawapa nafasi ya kusikiliza, na cha kusikiliza kipo: ngoma, balafoni, kora, na wimbo ule wa watoto wanaomsifu Kirikou kwamba si mkubwa lakini ni jasiri. Wimbo huo ni mtego, maana hautoki kichwani wiki nzima. Lakini pia ni wa kweli kuhusu watoto: wanamwimbia akiwaokoa kwenye mtumbwi wa Karaba, kesho yake wanamfukuza asicheze nao kwa sababu ni mdogo, wanarudi kumwimbia akiwaokoa kwenye mti uliowafunga, na wanamfukuza tena. Nani hakuwahi kuwa na rafiki wa hivyo?

Wazazi wengi wa kwetu kitakachowakwaza mapema ni kwamba wanawake wa filamu hii wako kifua wazi na watoto wako uchi. Hata Ulaya na Marekani jambo hilo lilileta kelele. Ocelot amesimulia jinsi alivyotakiwa awavishe wanawake sidiria na watoto kaptula, akakataa. Mimi naona alifanya vyema kukataa, kwa sababu jicho la kamera halina tamaa: linawatazama watu hawa jinsi wanavyotazamana wao kwa wao. Uchi wa Kirikou una maana ndani ya hadithi, ndio ule utupu anaosifiwa na babu. Hata hivyo sikubali utetezi wa kwamba "ndivyo Afrika ilivyokuwa". Afrika Magharibi ina wafumaji na watia rangi wa karne nyingi, ina masoko, ina barabara za biashara. Kijiji cha Kirikou hakina soko, hakina jirani, hakina jina, hakina mwaka. Hakuna anayepita akielekea mji mwingine. Ni kijiji cha kumbukumbu ya mtoto wa Kizungu aliyekaa Guinea, kimechorwa kwa upendo, na bado ni cha kumbukumbu. Mtoto wa Paris aliyeiona filamu hii kama dirisha lake la kwanza la kuiona Afrika alipewa picha nzuri, ila ni picha ya mahali ambapo historia haijawahi kufika.

Udhaifu wa pili ni wa ufundi. Safari ya chini kwa chini, pamoja na uzuri wa wanyama wake, inakwenda kwa mtindo wa kikwazo, ujanja, kikwazo, ujanja. Kicheche, ndege, ngiri: ungeweza kumwondoa mmoja na hadithi isitikisike. Kirikou pia hakosei. Kila analodhani ndilo, kila anayempinga ni mjinga. Mjomba ni mwoga, mzee ni mpuuzi, yule mama mnene amewekwa ili achekwe. Wenye akili ni watatu tu, yeye, mama na babu, yaani familia moja. Filamu inayowafundisha watoto kuhoji maneno ya kijiji ingekuwa imara zaidi kama kijiji chenyewe kingekuwa na mtu mmoja wa kawaida mwenye mashaka yake. Na mama, mwanamke mwenye maneno machache na mazito kuliko wote, hakupewa hata jina.

Hayo yote nayasamehe. Nisiloweza kulisamehe ni la mwiba.

Tuangalie jinsi unavyotoka. Kirikou anarudi, anaiba dhahabu za Karaba kutoka chini ya nyumba yake, anazificha msituni. Karaba, kwa hasira na kwa kutoziamini sanamu zake, anatoka mwenyewe kuzitafuta. Anapoinama, mtoto anamrukia mgongoni na kuung'oa mwiba kwa meno. Ukelele unaotoka unasikika nchi nzima. Halafu kimya, na majani yanachipua palipokuwa pakavu.

Kwa sura yake tukio ni zuri sana, na wazo la kwamba kupona kunauma sawa na kuumizwa ni la watu wazima kuliko filamu nyingi za watu wazima. Lakini tusijifanye hatuoni. Watu wengi wameusoma mwiba huu kama ubakaji, nami sioni namna nyingine ya kuusoma: wanaume wengi, mwanamke mmoja, anashikwa kwa nguvu, anachomwa, anabaki na maumivu yasiyoonekana na chuki kwa wanaume wote. Sasa mwanamke huyo anaponywa vipi? Kwa kuviziwa kutoka nyuma, bila kuulizwa, na kitu kingine kufanywa mgongoni mwake kwa nguvu. Filamu inalijibu hilo kwa kuwa mtendaji ni mtoto asiye na hila mbaya. Ni jibu, lakini ni jibu jepesi. Kirikou aliyeuliza kila mtu kila kitu hakumuuliza Karaba hata mara moja kama anataka kupona.

Kisha anamposa. Ndiyo, kitoto kisichofika magotini kinaomba ndoa. Karaba anakataa, na sababu yake ya kukataa ni mojawapo ya mistari bora ya filamu: hataki kuwa mtumishi wa mwanamume yeyote, na anajua wanaume hufanya nini wakishaoa. Hapo nilidhani hadithi imefika penye kina chake. Mwanamke aliyepona ana akili yake na kumbukumbu zake. Kuondoka kwa maumivu hakukumfanya asahau. Lakini Kirikou anaomba busu, anapewa, na papo hapo anageuka kuwa kijana mrefu, mzuri, mwenye kifua. Na Karaba, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa na hoja, anaufuata mkono wake kijijini.

Busu hilo limevunja mambo mawili kwa pigo moja. Kwanza, limemaliza mjadala wa Karaba bila kuujibu. Pili, limemwondoa Kirikou. Filamu nzima ilikuwa inatuambia kwamba udogo si upungufu: mdogo ndiye anayepita kwenye shimo la chemchemi, mdogo ndiye anayefichika ndani ya kofia ya mjomba, mdogo ndiye asiyeweza kushikwa. Wimbo ulikuwa wa hilo. Na zawadi anayopewa mdogo huyu mwisho wa safari ni kuacha kuwa mdogo. Mtoto aliyekaa mbele ya televisheni akijiona yeye ni Kirikou anaachwa pale na mwanamume asiyemjua.

Kijijini watu hawaamini. Wanataka Karaba auawe. Mama peke yake anamtambua mwanawe ndani ya mwili mpya. Halafu ngoma zinasikika kwa mbali, wanaume waliopotea wanarudi, sanamu zimekuwa watu tena, babu yuko nao, kila mke anakimbilia mume wake, na chuki yote inayeyuka kwenye ngoma. Hapo ndipo swali langu linapokwama kooni. Waliomchoma Karaba mwiba ni akina nani?

Filamu inasema "wanaume wabaya", inapita. Haituambii walitoka wapi. Kijiji hiki hakina jirani. Tumekwisha kuona kwamba dunia ya hadithi hii ni kijiji, nyumba ya mchawi na mlima. Kama hawakutoka mbinguni, basi walitoka mahali fulani, na mahali pekee penye wanaume ni hapa. Wanaume ndio Karaba aliowageuza sanamu, si wanawake, si watoto. Aliwapa adhabu ya kuwa vitu vya kutumwa. Mtu yeyote anayefuata mantiki ya Kirikou, mantiki ya "kwa nini", angefika hapo. Filamu inafika mlangoni, inasikia ngoma, inageuka kwenda kucheza. Hakuna anayemwomba Karaba msamaha. Hakuna anayeulizwa. Mhanga ndiye anayehitaji ulinzi dhidi ya kijiji, na anaupata kwa sababu amekuja na mume.

Najua jibu la wanaotetea: ni filamu ya watoto, mtoto wa miaka saba hahitaji kesi ya mahakamani. Kweli. Lakini ngano zetu za watoto hazina woga huo. Kwa Mwindo, baba aliyekosa anafuatwa hadi kuzimu, anarudishwa, na anakiri mbele ya watu. Mwindo mwenyewe baadaye anaadhibiwa kwa majivuno yake. Watoto wa Kivu walisikia hayo usiku na hawakudhurika. Tukio moja tu lingetosha: mwanamume mmoja kati ya wanaorudi, anamwona Karaba, anashindwa kumtazama usoni. Sekunde tano za mchoro. Mtoto asingeelewa yote, lakini angeona, na angeuliza.

Je, nashauri watoto waione? Bila kusita, kuanzia miaka mitano au sita, na mtu mzima akiwa karibu. Kifaransa kitakuwa kikwazo kwa wengi, na maandishi ya chini hayamfai asiyejua kusoma. Kwa hiyo mtu mzima atalazimika kusimulia juu ya picha kama wafanyavyo wasimulizi wa filamu, akina DJ Afro wa Kenya na marehemu Lufufu wa Tanzania. Hilo si hasara. Msimulizi ana uhuru ambao mwongozaji hakuutumia: wanaume wanaporudi na ngoma, anaweza kusimamisha picha na kuwauliza watoto wanadhani nani kati ya hawa alimshika Karaba. Pale nyumbani kwangu swali hilo liliibua ubishi mrefu kuliko filamu yenyewe, na mtoto mdogo kuliko wote ndiye aliyeng'ang'ania kwamba ni yule mzee anayejua kila kitu. Hakuna ushahidi wowote wa hilo ndani ya filamu. Alikuwa na sababu zake.

Kuna jambo moja zaidi linalonifanya niamini kwamba hata waliotengeneza filamu hii walijua mwisho wao una kasoro. Kirikou ilipopendwa, ilirudi tena mwaka 2005 na tena mwaka 2012. Kwa kawaida hadithi inayoendelea huendelea kutoka ilipoishia: tungemwona Kirikou mtu mzima na Karaba mkewe, nyumba yao, ugomvi wao, pengine watoto wao. Hakuna hata kimoja cha hivyo. Babu anaketi mlimani na kutusimulia mambo ambayo eti hayakupata nafasi katika filamu ya kwanza, na Kirikou ni yuleyule mdogo, uchi, mwenye mbio. Kijana mrefu wa lile busu ameachwa huko alikoachwa. Na Karaba yuko nyumbani kwake penye ukame, na mwiba wake mgongoni.